Wimbo Uliomchezesha Mheshimiwa

Adolfu, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, anadai kwamba sheria ya matibabu kwa wote ilipita kwa sababu ya kiuno cha Mheshimiwa. Ukimkuta ameshapata pombe ya ulezi atakuapia kwa kaburi la bibi yake. Anasema siku Mheshimiwa alipokuja kijijini kwetu kuchukua maoni ya wananchi, aliucheza wimbo wetu mpaka koti likamvuka bega, akarudi Dodoma ngoma ikiwa bado imo mwilini. Siku ya kupitisha muswada, wenzake walipokuwa wanasinzia, yeye akasikia kiuno kinamwasha. Akasimama. Waliokaa karibu naye wakadhani kuna jambo, nao wakasimama. Wa nyuma wakaona wa mbele wamesimama, wakaona aibu kubaki wamekaa. Sheria ikapita hivyo.

"Kwa hiyo," Adolfu humalizia, akifuta povu mdomoni, "nchi nzima inatibiwa kwa sababu yetu sisi wa huku Ufipa, na hakuna aliyekuja hata kusema asante."

Adolfu hajawahi kufika Dodoma. Mwaka huo hakufika hata Matai, maana baiskeli yake haikuwa na mnyororo. Lakini simlaumu. Katika hadithi yake nchi nzima inatibiwa, na mama yangu yumo. Mimi nilikuwepo tangu wimbo unatungwa mpaka siku tulipokataa kuuimba, na ningefurahi sana kama ya Adolfu ndiyo ingekuwa ya kweli.

Nianze na shingo ya mama.

Mama yangu, Klementina, ana rovu. Huku kwetu juu rovu halimshangazi mtu. Bibi zetu walikuwa nalo, wakazeeka nalo, wakazikwa nalo, na mtoto akiliuliza anaambiwa asinyooshe kidole. La mama lilianza kama ndimu, likawa chungwa, na sasa nimeacha kulifananisha na matunda. Analifunika kwa kitambaa cha jumuiya, kile cha bluu. Na katika shingo hiyohiyo ndimo Mungu alimoweka sauti nzuri kuliko zote parokiani, kana kwamba shingo nyingine zilikuwa zimekwisha.

Tulimpeleka mjini, Sumbawanga. Daktari kijana akalipima, akalitazama kwenye ile mashine yao, akasema, "Mama, hili halikui nje tu. Linaingia ndani na kukandamiza njia ya pumzi. Lazima litolewe kabla halijaifunga." Akaandika rufaa ya hospitali ya mbali, akataja na gharama. Sitaziandika hapa, maana msomaji atadhani nimekosea sifuri.

"Nikisubiri kidogo, mwanangu?" mama akamwuliza.

"Mpaka lini?"

"Mpaka tuvune."

Daktari akatazama dirishani. "Inategemea mnavuna nini."

Sisi tunavuna mahindi na ulezi. Tukarudi nyumbani.

Basi ndipo akaja Abel. Abel alikuwa kijana wa shirika, anakaa Milanzi kule mjini, na shirika lake lilikuwa limepewa kazi ya kuwafundisha wananchi kudai. Mkutano ulifanyika ndani ya ghala la kijiji, ambalo mwezi wa nne huwa na nafasi nyingi sana, kwa kuwa huwa hakuna mahindi. Tulipewa fulana nyeupe zilizoandikwa AFYA NI HAKI. Zote zilikuwa saizi moja, kwa sababu afya ni ya wote. Mama yake Adolfu aliivaa kama gauni, na Mayunga akaibeba begani kama taulo.

"Wananchi, mambo vipi!" Abel akaanza.

Wazee wakamtazama tu. 

"Samahani. Shikamooni."

"Marahaba, mwanetu," wakaitikia kwa pamoja. "Sasa sema."

Akasema. Muswada, alisema, ni sheria ambayo haijaiva. Huu ulikuwa wa kila mtu kutibiwa bila kuuza kitu chake, na cha kudai ni kwamba fedha zitoke kwenye mfuko wa serikali, kodi ya wote itibu wote, mwenye kitu na asiye na kitu. Mheshimiwa angepita kuchukua maoni. "Mkikaa kimya wataandika kwamba mmekubali," alisema Abel. "Mkisema, wataandika kwamba mmesema."

Tulimpigia makofi kwa ufafanuzi huo.

Leonardi, mtendaji wetu wa kijiji, akasimama kupendekeza tuandike risala. Leonardi anapenda risala kama wengine wanavyopenda nyama. Alianza hapohapo, "Ndugu mgeni rasmi, awali ya yote..."

"Kaa, baba," mama akamwambia. "Risala ngapi umesoma wewe? Mgeni anaipokea, anaiweka kwapani, anaondoka nayo. Tumeshaona makwapa yamejaa. Hili tutaliimba."

"Kuimba tena, Mama Rozina? Hili ni jambo la sheria."

"Ndiyo. Ndiyo maana."

Niwaeleze hiyo desturi, msije mkatuona wajinga kuliko tulivyo. Akina mama wa kijiji chetu wana namna yao ya kudai. Mtu akikukosea, huendi kupiga kelele mlangoni kwake peke yako. Unautungia wimbo ubaya wake, unakusanya wenzako, mnakwenda kuusimamisha uani kwake. Yeye ana njia mbili. Akibaki ndani, amekataa, na ataimbwa mpaka kwenye harusi za wanawe. Akitoka akacheza, hata hatua kidogo tu, amekubali kosa na atalipa. Hakuna karatasi wala shahidi. Mguu ukishatikisika, kesi imekwisha.

Aliyeijua desturi hiyo kuliko wote mle ghalani ni Mayunga. Mayunga alihamia kwetu na familia yake na ng'ombe wake kutoka Usukumani. Mwaka wake wa kwanza ng'ombe hao waliingia kwenye ulezi wa mama, wakala, wakashiba, wakalala humohumo. Akina mama wakaenda kumwimbia. Mayunga ni mtu wa ngoma tangu tumboni. Aliposikia wimbo alidhani wenyeji wamekuja kumkaribisha. Akatoka mbio, akacheza bila kuombwa, akawaita wanawe wacheze, akamtoa na mama mkwe wake kitandani ili asipitwe. Alipomaliza, jasho linamchuruzika, mama akamwambia, "Asante, baba. Tutamchukua yule mtamba mwekundu."

"Si mngenieleza kwanza!" alilalamika. Lakini alilipa. Tangu hapo wakawa watani, akimwita mama mayu, yaani mama kwa Kisukuma, na mama akimwita mchezaji.

Siku ile ghalani Mayunga alikuwa upande wetu. Alikuwa ameuza ng'ombe ili mkewe apasuliwe, akauza tena kidonda kilipogoma kupona. "Watu wananiona tajiri," alisema. "Nusu ya ng'ombe wangu wamelazwa hospitali, na hawaruhusiwi kutoka." Lakini kwenye wimbo alikuwa na shaka.

"Mayu, mimi nilicheza sijui. Na huyu atacheza hajui."

"Wewe ulilipa, hukulipa?"

"Nililipa."

"Basi, mchezaji. Lete ngoma."

Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni, na nilifikiri kwamba Mayunga alilipa kwa sababu kesho yake angekutana na mama kisimani. Mheshimiwa anateka maji wapi? Nilimwambia mama jioni, tukipukuchua maharage. Akanijibu kwamba mtu ni mtu, na mguu ni mguu.

Wimbo aliutunga akiwa shambani, kama atungavyo zote. Maneno yake haya:

*Tusiuze ng'ombe ndipo tupone,*
*Tusiuze shamba ndipo tupumue.*
*Kodi tumelipa kwenye chumvi na sabuni,*
*Tutibuni kwanza, tutibuni wote.*

Akiuimba peke yake, polepole, mtu alikuwa anaacha alilokuwa analifanya. Adolfu alilia, akasingizia moshi. Kisha Mayunga akaleta ngoma ya bugobogobo, ile ya kulimia, ambayo hata jembe likiisikia linainuka lenyewe, na wimbo ukashika moto. Kwaya ya jumuiya juu, ngoma ya Kisukuma chini. Kijiji chetu kilikuwa kimegombana miaka mingi kuhusu ng'ombe na mashamba, na sasa kimepatana kwa ajili ya muswada. Hata padri alisema ni neema. Ila nilianza kuona kitu. Watoto waliokuwa wakipita kwenda shule waliimba wimbo wetu, na hawakuimba neno hata moja. Walikuwa wanaimba ngoma. *Ndu-ndu, ndundundu, ndu.*

"Mama, watu wanacheza tu," nikamwambia.

"Anayecheza amesikia."

"Amesikia nini?"

"Rozina, wewe utazeeka mapema. Shika sauti ya pili."

Mheshimiwa alifika alasiri, siku aliyotakiwa kufika asubuhi. Ufipa mwezi wa sita ni upepo, na upepo ule ulikuwa unajaribu kuliondoa turubai kabla mgeni hajakaa. Tulikuwa tumeweka viti vya plastiki kwa wanaofuatana naye na kiti cha kitambaa kwake mwenyewe, kile kinachotoka kwa padri kwa sharti kirudi na miguu yote. Leonardi akaeleza kuwa muda ni mfupi, kwa hiyo maoni yatatanguliwa na burudani kidogo. Mama akanong'ona, "Anaita burudani." Akacheka. Alikuwa amevaa fulana ya Abel, na kitambaa cha bluu amekifunga vizuri shingoni.

Mama akaanza peke yake. *Tusiuze ng'ombe ndipo tupone.* Ninawaambia, upepo ulikaa chini. Mheshimiwa aliinua uso kutoka kwenye simu yake. Kwa pumzi chache hivi nilimwona anasikiliza kabisa, na nilitaka kumshika Mayunga mikono yote miwili. Kisha ngoma ikaingia.

Mheshimiwa akatikisa kichwa. Akatikisa bega. Akaweka simu mfukoni, akasimama, na wote waliofuatana naye wakasimama, kwa kuwa hakuna ajuaye lini atatakiwa kuwa amesimama. Akaja mbele anacheza. Kusema haki alicheza vizuri. Hapo Adolfu hasemi uongo. Koti lilimvuka bega.

Vigelegele vilivyopigwa vilisikika mpaka ng'ambo. Akina mama walikumbatiana. Adolfu alirusha kofia yake, upepo ukaenda nayo, na hakuifuata. Leonardi mwenyewe, mtu wa risala, alimshika mkono dereva wa Mheshimiwa. "Amekubali!"

"Amekubali nini?" dereva akauliza.

"Yote!"

Mheshimiwa akiwa bado anacheza akatoa noti kumtunza mwimbaji. Akatafuta pa kuiweka. Mikono ya mama ilikuwa inapiga makofi, fulana haina mfuko. Akaichomeka kwenye kile kitambaa cha bluu, juu ya rovu, akaipigapiga kidogo isianguke, kama mtu anayehakiki ukomavu wa boga. Nilikuwa hatua moja nyuma yao. Alilishika kwa vidole vyake. Akaendelea kucheza.

Aliomba wimbo urudiwe, ukarudiwa, na hivyo muda wa maoni ukaliwa. Kwenye kuaga alisema, "Ndugu wananchi, kwa kweli nimefarijika. Maoni yenu nimeyapokea." Abel naye alifurahi. Alipiga picha nyingi, na taarifa aliyopeleka kwao ilisema wananchi walishiriki kikamilifu. Hilo nalo siwezi kulikana. Tulishiriki mpaka miguu ikauma.

Jioni ile mama alikaa jikoni amechoka, pumzi inampigia mluzi mdogo kama sufuria yenye mfuniko mbovu. "Amecheza," aliniambia. "Umeona mwenyewe."

"Nimeona."

"Mbele ya watu wote. Hawezi kukataa sasa."

Ndipo tukawa maarufu. Ungedhani tulikuwa tumesubiriwa. Tuliitwa Matai kwenye uzinduzi wa kisima. Tuliitwa Mwimbi kwenye fainali ya mpira, tukaimba *tutibuni kwanza* huku golikipa anabebwa na machela, na watu wakaona tumefanya kwa makusudi, wakacheka sana. Tuliitwa kwenye ufunguzi wa josho la ng'ombe, na pale nakubali wimbo ulifaa, maana ng'ombe wote walitibiwa siku hiyohiyo bila kuulizwa kitu. Kila tulipofika watu walicheza. Wakubwa, wadogo, polisi, watu wa benki. Kwa desturi yetu nusu ya mkoa ilikuwa imeshakubali kosa.

Kisha yakaanza maombi madogomadogo. Je, tunaweza kuanza moja kwa moja na ile sehemu ya ngoma? Je, badala ya *tusiuze shamba* hatuwezi kusema *karibu mgeni wetu*, mbona inaingia vilevile? Mama alikataa. Leonardi akamsihi, "Mama Rozina, ni neno tu."

"Kama ni neno tu, libaki."

Likabaki. Ila sauti ndiyo ilikuwa haibaki. Kwanza zile sauti za juu zilimkimbia, akawa ananyamaza hapo mahali na kuniachia. Baadaye ubeti wote wa pili ukawa wangu. Usiku, akilala chali, mluzi ulikuwa unakatika, na mimi naacha kupumua mpaka uendelee. Alianza kulala amekaa, mto nyuma ya mgongo, kama abiria. Mtu wa kuuimba wimbo wa pumzi alikuwa hana pumzi ya kuuimba, na barua za mialiko zinakuja.

Sheria ikapita. Tulisikia redioni, mama akiwa anachambua mchicha. Alifua kitambaa chake cha bluu, akakianika, akamwambia kila aliyepita njiani, "Mtu alicheza mwenyewe. Nilijua atalipa." Mayunga akamletea maziwa ya pongezi. Adolfu akaanza kuitengeneza ile hadithi ya kiuno, ikiwa bado changa, haina hata watu wa nyuma.

Tulirudi kwanza hospitali ileile ya mjini iliyotuandikia rufaa, tukiwa tumeoga na karatasi yake mkononi. Dirishani alikaa dada mmoja mpole sana. Nasema hivyo bila kejeli; alikuwa mpole.

"Tumesikia sheria imepita," mama akamwambia.

"Imepita, mama. Nami nimesikia."

"Basi tumekuja."

"Karibuni. Mnalipia kipimo gani?"

"Hatulipii. Tumekuja kwa ile sheria."

"Aa. Sheria haijafika huku dirishani, mama."

"Iko wapi?"

"Inasubiri utaratibu."

"Na utaratibu?"

"Unasubiri fungu la fedha."

"Na fungu linasubiri nini, mwanangu?"

Yule dada akatutazama, akaitazama foleni. "Mama," akasema taratibu, "nyuma yako kuna watu."

Adolfu anadai kwamba yeye alikwenda dirisha hilohilo, akasema, "Sheria imeandikwa wote, na mimi ni mmoja wa hao wote," akatibiwa jino na kupewa chai. Nilimwomba afungue mdomo nione hilo jino. Akakumbuka ng'ombe wake hawajanyweshwa. Adolfu hana ng'ombe.

Nilimpigia Abel. Alipokea haraka, kijana mwenye adabu, nyuma yake kunavuma kitu. Shirika lilikuwa limemhamishia kwenye mradi wa nyuki. "Mradi ule uliisha, dada Rozina, ila harakati zinaendelea. Msichoke. Sasa hivi kinachotakiwa ni kudai fungu." Nikamwuliza linadaiwa kwa nani. Akasema ni swali zuri sana. Kisha nyuki wakazidi.

Na hapo, katika hali hiyo, ukaja mwaliko mwingine. Kungekuwa na sherehe ya kuipongeza sheria, uwanjani, mgeni rasmi yuleyule Mheshimiwa, naye ameomba kwa jina kile kikundi chenye ule wimbo mtamu. Leonardi aliuleta mwenyewe, anang'aa.

Mama alikuwa amekaa juani, ameegemea ukuta. Siku hizo alikuwa anasema maneno machache, akiyachagua. "Tutakwenda," akasema. Leonardi akafurahi. "Lakini hatutaimba."

"Sasa mnakwenda kufanya nini?"

"Kudai. Wimbo ulishaimbwa. Akacheza. Kilichobaki ni kulipwa." Akavuta pumzi. "Mayunga hatukumwimbia mara mbili."

Mayunga, aliyekuwa amechuchumaa kando na fimbo yake, alicheka kwa mara ya kwanza tangu mkewe apasuliwe. "Mtamba mwekundu," akasema. "Mayu, mimi nakuja na ngoma yangu. Wasipoiona watatushuku."

Maneno ya kusema hadharani yakawa yangu, kwa kuwa mama asingeyamaliza. Niliyafanyia mazoezi nikichota maji, nikipalilia, nikimsafishia mto wake. Niliona nikiyafanya mengi yatakuwa risala, na risala ina kwapa lake. Nikabakiza swali moja.

Uwanja ulijaa. Mnyororo wa baiskeli ya Adolfu ulikuwa umepatikana, naye alikuwepo, mbele kabisa, anamweleza mtu asiyemjua habari za kiuno. Kulikuwa na hotuba. Sheria ilipongezwa, waliopitisha wakapongezwa, waliokuja kupongeza wakapongezwa. Emsii, mwenye suti ya kumetameta, akatuita: "Na sasa, kile kikundi, mnakijua, mnakipenda!" Watu wakaanza kupiga makofi ya ule mdundo kabla hatujafika. Tukasimama tulivyozoea, mama katikati nimemshika kiwiko, Mayunga pembeni. Emsii akanipa maiki.

Mheshimiwa alikuwa ameshasimama. Alikuwa ameshafungua vifungo vya koti.

"Kiuno, Mheshimiwa!" Adolfu akapiga kelele, na uwanja wote ukacheka, na Mheshimiwa akacheka pia, akaja mbele huku bega moja limeshaanza.

"Shikamoo, Mheshimiwa," nikasema. "Leo hatuimbi."

"Wimbo, dada, wimbo!" Emsii akaniingilia. "Mgeni yuko tayari! Mzee wa ngoma, twende!"

Mayunga akamtazama. Akaigeuza ngoma yake, akaikalia, akaweka fimbo magotini kama mtu aliyefika nyumbani.

Makofi yakaendelea kidogo, huku na huku, kama mvua inayokatika juu ya bati. Kisha yakaisha. Mheshimiwa alikuwa mbele yetu kabisa sasa, noti tayari katikati ya vidole, mguu mmoja umetangulia. Tabasamu lilikuwa bado lipo usoni, limesahaulika kama taa iliyoachwa inawaka mchana.

"Huyu ni mama yangu," nikasema. "Ndiye aliyekuimbia mwaka ule kule kwetu. Kwetu mtu akiimbiwa madai akacheza, amekubali. Wewe ulicheza. Sheria nayo imepita, tunashukuru. Lakini tulipofika nayo dirishani tuliambiwa haijafika, inasubiri fungu. Daktari alisema hili litolewe kabla halijafunga pumzi."

Mama akainua mikono yake, akafungua kile kitambaa cha bluu, akakishusha. Alifanya bila haraka, kama anayejitayarisha kulala. Mbele ya uwanja mzima. Akina mama waliokuwa karibu walitazama chini. Mheshimiwa hakuweza, maana alikuwa karibu mno. Akawa hana pa kuweka noti.

Maiki ilikuwa mkononi mwangu, kati yake na mama. Spika zile kubwa zilizokodiwa kutoka mjini hazikuwa na la kupaza ila pumzi yake. Ule mluzi, ukitoka, ukikatika, ukirudi, mpaka kule kwenye magari. Adolfu alivua kofia yake mpya. Emsii alimtazama mtu wa muziki, mtu wa muziki akamtazama Leonardi, Leonardi akatazama viatu vyake.

"Mheshimiwa, naomba unijibu jambo moja tu, hapahapa, watu hawa wakisikia," nikasema, nikamsogezea maiki mpaka karibu na kidevu chake. "Jumatatu nampeleka mama pale dirishani. Nikifika, niseme nini ili apokelewe?"